Ghala Lisilo na Panya

Nilitumwa Nuu na akina mama wa kanisa letu la Mbooni. Tulikuwa tumekata mbao za kujenga ghala la mahindi, na kabla ya kuzipigilia misumari tulitaka mtu akaone ghala la namna hiyo likiwa limejaa. Watu wa mradi waliokuwa wakitufundisha kujenga maghala hayo walilisifu la Mama Kilonzo wa Nuu kuliko yote. Nilichaguliwa mimi, nadhani kwa kuwa nina mdomo wa kuuliza. Na swali la kila mtu lilikuwa moja: je, panya wanaingia? Maana kwetu sisi tunalima tu, wanaovuna ni panya.

Alfajiri niliteremka mlima kwa miguu hadi Tawa nikiwa na sweta. Machakos nikaivua. Kutoka Kitui nilipanda lori la saruji, na tulipopita Mwingi tulikuta barabara imeliwa na maji. Nikamuuliza dereva maji hayo yalitoka wapi katika nchi kavu namna hii.

"Mvua ya mwaka huu ilichelewa," akasema. "Halafu ikaendelea mpaka mwezi wa pili, watu wakivuna. Nililala hapa na gari."

Nilicheka. Mvua ya mwezi wa pili, Nuu! Nilidhani ananipigia stori.

Jioni Mama Kilonzo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya, alinipokea kwa mikono miwili. Hata maji sikunywa kabla ya kuliona ghala. Lilisimama juu ya miguu ya mbao, kila mguu umevishwa bati ili panya ateleze. Nilipiga magoti kutafuta kinyesi chao. Hakuna. Nikapapasa kila kona. Hakuna. Nilimsifu mpaka nikajisikia vibaya, kwa sababu yeye hakutabasamu.

"Panya sijaona tangu tufungue baada ya Pasaka," akasema. "Hata kuku sina. Nilikuwa nawapea mahindi zile za kufagia ghalani. Zilikufa zote."

Saa ya chakula alitupakulia isyo, mahindi na maharagwe. Mumewe, Mzee Kilonzo, alisogeza kigoda karibu na taa anisalimie vizuri, na hapo nikayaona macho yake. Yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Nilishtuka, kijiko kikabaki hewani.

"Wengine wanasema ni malaria, wengine nimerogwa," akasema taratibu. "Kula, mama. Chakula iko."

Nilionja. Ilikuwa chungu. Nilirudisha sahani chini mbele ya wenyeji wangu, jambo ambalo sijawahi kufanya nyumbani kwa mtu.

Asubuhi tulichota mahindi kutoka chini kabisa ya ghala. Yalitoka yameshikana mabonge, yamefunikwa ukungu wa kijani.

"Mama Kilonzo, mlifunga yakiwa mabichi?"

"Tulifundishwa mwezi wa pili ni wa kuvuna na kufunga, wadudu wa dumuzi wasiingie. Kila mwaka hiyo mwezi ni jua tu. Sasa mvua ikakataa kuisha. Lakini pasta alikuwa amealikwa kuombea ghala, watu wa mradi wako njiani, mbuzi imechinjwa. Ningewaambia nini? Tuliomba, tukafunga."

Tulimpeleka mzee zahanati. Daktari alimtazama, kisha akauliza kama tuna ghala jipya. Nikamweleza yale mabonge ya kijani. Alisema ukungu ule ni sumu, unaharibu ini, na kwamba wagonjwa wengine wa aina hii wametoka kwenye nyumba zenye ghala kama hilo. Mzee apelekwe hospitali ya Kitui, na mahindi yale yasiliwe na mtu wala mnyama.

Mchana, tukingoja lori la kutupeleka Kitui, Mama Kilonzo alimwaga chakula cha mwaka mzima shimoni. Majirani wakaja na madebe. Njaa ilikuwa imebana, nao walikuwa wanaomba.

"Tupee tu, tutaosha," mmoja akasema.

Mama Kilonzo alimtazama, akaingia ndani, akatoka na mafuta ya taa yote aliyokuwa nayo. Akayamwagia mahindi, akawasha kiberiti. Nililia. Yeye hakulia.

Kitui, Mzee Kilonzo alilazwa tumbo likiwa limevimba. Alifariki mkewe akiwa amemshika mkono. Ndipo nikamsikia Mama Kilonzo akilia.

Njia nzima ya kurudi niliwaza jambo moja. Mradi ule ulikuwa umekaguliwa tena na tena. Walikagua miguu, bati, panya na dumuzi. Hakuna aliyeuliza kama mwezi wa pili bado ni mwezi wa jua, na mafunzo yote yalisimama juu ya jua hilo. Nilipopanda mlima wetu kulikuwa na manyunyu, wakati ambao zamani tungekuwa tunaanika mahindi juani.

Jumapili baada ya ibada nilisimamishwa mbele. Mbao zetu zilikuwa zimepangwa ukutani, misumari imeshanunuliwa.

"Tuambie, Mama Mwende," mwenyekiti wetu akaniuliza, "panya je?"

"Sikuona hata mmoja," nikasema.

Kanisa zima likapiga makofi. Nikasimama pale, nikingoja yaishe ili niendelee.