Tone la Kuku katika Jicho la Kinyozi

Kama kuna mtu aliyewatazama kuku machoni mara nyingi kuliko alivyowatazama binadamu, basi ni Mama Tone. Kazi yake ilikuwa kuchanja kuku. Alizunguka ua kwa ua na kopo la barafu begani, ndani yake kichupa cha chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaompinda kuku shingo mpaka anakuwa kama anatafuta kitu alichokiangusha nyuma. Mwenye kuku humshika kuku wake, Mama Tone humgeuza kichwa, hudondosha tone moja jichoni, husubiri kuku apepese, basi. Haya, mwingine. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara, lakini kuku alisema nao kwa upole ambao mumewe aliutamani.

Mumewe alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilitazamana na mlango wa nyumba yao: kiti kinachozunguka upande mmoja tu, kioo chenye ufa, na bango la mitindo ya nywele ambayo hajawahi kuiweza hata mmoja. Kila kichwa kilichokaa pale kiliacha nywele na habari, na siku zile habari ilikuwa hiyohiyo, mafua ya ndege. Mara bata mwitu wamekufa ziwani huko mbali, mara mashamba mazima ya kuku yameteketezwa, mara mtu naye ameambukizwa. Kinyozi alisikiliza, akanyoa, jioni akarudi nyumbani ameiva kwa woga.

Watu walimwendea Mama Tone wakidai tone la mafua ya ndege. Akawaambia hana. Lake ni la kideri, na haya ni magonjwa mawili tofauti, hata kama yote mawili yanafyeka banda kwa siku chache. Walipomkaba zaidi akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari akasema chanjo ya mafua ya ndege kwa kuku ipo, nchi nyingine zinaitumia, nyingine zinasita, kwa sababu virusi hivyo hubadilikabadilika, na kuku aliyechanjwa anaweza kuvibeba bila kuonekana mgonjwa. Hapa bado wakubwa wanajadiliana, na yeye mwenyewe hajui wataamua nini.

Mama Tone aliyafikisha maneno hayo kama yalivyo, na mtaa ukayapokea kama mtaa unavyopokea mambo. Wakasema dawa anayo, anawawekea ndugu zake. Aliyelivalia njuga jambo hilo alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, mwanamke waliyembandika jina la Spika, kwa kuwa akinong'ona jikoni, kituo cha basi wanaitikia.

Kumbe aliyeamini kuliko wote alikuwa akila na Mama Tone sahani moja. Kinyozi alijipigia hesabu zake: mke wangu anashinda na kuku kutwa na hata kamasi hapati, basi hilo tone lina kitu. Siku moja mke akiwa bafuni, akafungua friji, akatoa kichupa kilichobaki cha mzunguko wa asubuhi, akainua uso juu, akajidondoshea. Akapepesa vizuri kabisa. Kuku gani angempita?

Baada ya siku mbili jicho lilikuwa nyanya. Limevimba, linachuruzika maji, na yeye analiziba kwa taulo la kibandani.

"Umefanya nini?" mkewe akamuuliza.

"Vumbi hilo."

"Vumbi la ndani ya friji yangu?"

Akakiri. Mama Tone alicheka mpaka akaikalia ndoo, kisha akamwambia asiogope. Ile ni chanjo hai, ikimgusa mtu jichoni humwasha siku kadhaa halafu hupoa. Yeye mwenyewe yalimpata alipoanza kazi, alijifuta jicho kwa kidole kilicholowa chanjo. Hata hivyo zahanati watakwenda, akaangaliwe. Kinyozi hakusikia habari ya zahanati. Alichotaka ni mkewe aape kwamba hatamwambia mtu. Afadhali wamdhanie chochote kuliko kuambiwa amejichanja kama jogoo. Mkewe akaapa, huku mabega yakimtikisika.

Kinyozi hakuwa amemaliza kufunga kibanda ili waende zahanati, Spika alipopita na kuliona lile jicho. Hakuuliza. Alikimbia. Kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima ulishajua kwamba mafua ya ndege yamefika, yameanzia kwa kinyozi, na aliyeyaleta ni mkewe, kwa mikono ileile inayoingia kila banda. Watu walitokea kwa Mama Tone na visu mkononi. Walisema wakishachinja kuku wake, wanachinja na wa kwao, na yule mama hakanyagi tena ua wa mtu.

Mama Tone akasimama mlangoni. Akisema kweli, mumewe atachekwa hadi siku ya kuzikwa. Akinyamaza, kuku wote aliowachanja wanakwisha leo, na kazi yake inakwenda nao.

"Ni vumbi tu, dada," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata barabarani.

"Vumbi," Spika akasema. "Wewe unatembeza ugonjwa nyumba kwa nyumba, halafu unatwambia vumbi. Huna haya, Mama Tone?"

Mlango ukafunguliwa nyuma yake. Kinyozi akatoka, taulo begani, jicho wazi kwa kila mtu.

"Mwacheni mke wangu. Nilijichanja," akasema. "Chanjo ya kuku. Niliiiba kwenye friji."

Kisha mtu mmoja akauliza kama sasa atataga, na visu vyote vikaanza kutikisika kwa kicheko. Spika alijishikilia ukutani.

Alipopata pumzi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo: "Kwa hiyo hilo tone halizuii mafua ya ndege? Kweli kabisa?"

"Halizuii, dada. Lingezuia ningelificha kweli." Safari hii walimsikiliza. Kuku wakianza kufa ovyo, akawaambia, msiwachinje, msiwanyonyoe, msiwashike kwa mikono mitupu. Mpigieni daktari wa mifugo. Spika akauliza Jumamosi atapita saa ngapi kuwachanja wa kwake kideri.

Njiani kwenda zahanati kinyozi alisalimiwa kwa kukokorekewa karibu kila mlango. Kwenye kona ya mwisho akamgeukia mkewe.

"Hivi na kuku nao hilo tone linawawasha hivi?"

"Sijui, mume wangu," Mama Tone akasema, akimshika mkono kuvuka barabara. "Wao hawajawahi kuniibia."