Kikombe Namba Saba Kiligoma Kuganda

Jumatatu maziwa yaligoma kuganda. Lita mia tatu.

Jumanne yakagoma tena.

Jumatano asubuhi nilipofungua chumba cha joto yalikuwa vilevile, mepesi kama yametoka kukamuliwa.

Mlinzi akasema hapa kuna mkono wa mtu.

Mimi nilisomea vyakula chuoni, kwa hiyo nikampuuza. Nilikosea.

Kiwanda chetu cha mtindi ni kidogo. Wafugaji kumi na wawili wanaleta maziwa, tunayachemsha, tunayapoza, kisha Babu Mtindi anatia mbegu. Mbegu ni mtindi wenye bakteria hai, na hao ndio wanaogandisha maziwa mapya. Babu ameitunza miaka kumi na tisa. Kila asubuhi anaisalimia. Mimi wakati mwingine anasahau kuniitikia.

Meneja akamwita mbele yetu sote.

"Babu, mbegu yako imekufa."

"Haijafa."

"Maziwa yanasema imekufa."

"Maziwa hayajui kitu."

"Ijumaa utarudisha funguo."

Babu akavua aproni, akaikunja mara nne, akaikunjua, akaivaa tena. Ijumaa ilikuwa bado.

Nilitaka kusema kitu. Huwa nataka. Mwaka mzima kwenye vikao nimesema neno moja tu, "nipo", wakati wa kuita majina.

Badala yake nikachukua vikombe kumi na viwili. Nikachota maziwa ya kila mfugaji kabla hayajachanganywa, nikayachemsha, nikayapoza, nikatia kijiko cha mbegu kila kikombe. Nikaandika namba, nikavipanga kwenye chumba cha joto.

Babu akachungulia. "Mjukuu wangu, unacheza mapishi?"

"Namtafuta mgonjwa, Babu."

"Mgonjwa ni mimi. Presha."

Saa kumi jioni vikombe kumi na kimoja vilikuwa vimeganda. Unavipindua, havimwagiki. Mbegu ya Babu ilikuwa nzima kabisa.

Kikombe namba saba kilikuwa majimaji.

Nikajua ni dawa. Ng'ombe akichomwa sindano ya kuua bakteria, dawa inatokea kwenye maziwa kwa siku kadhaa, na kuchemsha hakuiondoi. Bakteria wetu wanakufa kabla ya kuanza kazi. Maziwa ya mmoja yanaharibu ya wote.

Namba saba ni mama yangu.

Na aliyemwita daktari wa mifugo Jumamosi, kiwele cha ng'ombe kilipovimba, ni mimi.

Nikampigia.

"Mama, maziwa unayamwaga?"

"Niyamwage kwa nini?"

"Daktari alisema tusubiri siku saba. Si nilikuandikia? Karatasi, chini ya kopo la sukari."

"Ile? Nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza. Meza ilikuwa inacheza." Kisha akauliza, "Kwani mdomo wako ulikuwa na nini, mwanangu?"

Haukuwa na kitu. Siku ile mama alikuwa na wageni sebuleni, na mimi niliona haya kupita katikati yao nikizungumzia kiwele.

Alhamisi, kikaoni, nikasimama. Mikono nikaikalisha mfukoni.

"Si Babu," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote, mpaka mguu wa meza.

Meneja akanitazama. "Kumbe una sauti."

Babu hakunitazama. Alikwenda kwenye jokofu, akatoa chupa ya mbegu, akaiuliza, "Umesikia?"

Funguo zikabaki kiunoni mwake.

Mama alizuiwa kuleta maziwa mpaka siku saba ziishe. Mimi nikapewa barua ya onyo, na meneja akaniamuru niisome mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote. Nilipomaliza, Babu akasema kule nyuma alikokaa hajasikia vizuri, nirudie.

Nikarudia.

Sasa kila asubuhi nasimama langoni. Namuuliza kila mfugaji, uso kwa uso, kama kuna ng'ombe aliyechomwa sindano. Mama aliporudi nikamuuliza na yeye.

"Hakuna," akasema. "Karatasi yako nimeitoa nikaisoma. Una mwandiko mzuri. Ila meza imeanza tena kucheza."

Wenzangu wenye haya, andikeni salamu, andikeni hata mashairi. Lakini jambo linaloingia matumboni mwa watu, lisemeni kwa mdomo, na mumngoje mwenzenu aitikie. Wageni wa sebuleni wataondoka tu.