Moshi wa Treni ya Papa Mukwe

Papa mukwe wangu alifanya kazi ya treni kule Katanga tangu ujana wake, kwanza kutia makaa, baadaye kuendesha. Tulipokimbia vita na kuja Mantapala, kambi ya wakimbizi huku Zambia, hakubeba hata kitu kimoja cha kazi ile. Basi daktari mmoja, muzungu aliyependa kuongea naye habari za treni, alipokuwa anarudi kwao alimwachia zawadi: treni ndogo ya chuma, reli zake za kuunganisha, na kisanduku chenye vitufe vya kuiongoza.

Ilitembea vizuri, lakini haikuwa na taa. Mimi sasa nakaa Kashikishi, kando ya ziwa, na natengeneza simu na redio sokoni. Siku moja akaja mwenyewe na kuiweka mezani kwangu, yeye ambaye kwa desturi mimi, mke wa mwanawe, sikai naye karibu wala kumtazama machoni.

"Mama," aliniambia huku akiangalia upande wa ziwa, "nataka taa ya mbele, taa ya nyuma, na moto wa makaa. Ule moto wenye kuchezacheza. Utaweza?"

"Nitaweza, Papa."

Sikuwa nimewahi kufungua kitu kama kile.

Ndani nilikuta dikoda, kidude chembamba chenye ukubwa wa ukucha, kinachopokea amri za kisanduku kupitia reli. Nilitazama video kwenye simu mpaka nikaelewa. Waya mweupe ni wa taa ya mbele, wa manjano ni wa nyuma, wa kijani ni wa ziada, na wa buluu unazilisha zote. Kila taa inataka rezista yake ya kupunguza umeme, na waya wa buluu usiguse kamwe chuma cha treni. Rezista nilizing'oa kwenye redio mbovu, taa nyeupe nikazitoa kwenye tochi ya mvuvi. Kwa moto wa makaa nikatumia taa nyekundu ya chaja iliyokufa. Nilibadilisha namba za mipangilio kwenye kisanduku, moja baada ya nyingine, hadi ile nyekundu ikaanza kutetemeka kama kaa linalopulizwa. Nilijipongeza peke yangu.

Jumapili, papa mukwe alileta watu wa kanisani nyumbani kwetu kabla sijafunga kazi. Waya wa buluu ulikuwa bado uchi mahali nilipolehemu. Nikauzungushia utepe wa zamani ulioishiwa gundi, nikarudisha kifuniko cha chuma juu yake.

"Iko tayari?" akauliza.

"Iko tayari, Papa."

Tulitundika kitenge dirishani ili chumba kiwe na giza. Taa ya mbele iliwaka polepole, kama taa ya kweli inayopata nguvu. Moto ukacheza. Watu wakanong'ona. Papa mukwe aliiendesha taratibu, akainama mpaka kidevu chake kikakaribia reli. Kwenye kona treni ikatikisika. Harufu ikaja kwanza, kisha moshi ukatoka kwenye bomba lake dogo, taa zikazimika, na treni ikasimama.

Nilijua mara moja: utepe umeteleza, waya wa buluu umegusa chuma. Wabemba wanaita insoni; sisi tunasema kusikia haya. Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka.

"Imeungua?" akauliza kiongozi wa kwaya.

Kabla sijafungua mdomo, papa mukwe akajibu. "Hapana. Ile ni moshi. Treni ya makaa bila moshi ni treni gani? Bibi ya mutoto yangu njo ametengeneza vile."

Wakapiga makofi. Mama mmoja muuza chisense, dagaa wa ziwa letu, akanikumbatia. Niliinamisha kichwa, na wao wakaona ni heshima ya mke mbele ya papa mukwe.

Baada ya hapo sokoni hapakukalika. "Wewe njo unafanyaka treni itoe moshi?" watu waliniuliza. Mwanaume mmoja alivuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Kongo, na spika yake kwa sababu ya sifa ile. Niliitengeneza bila kumtazama usoni.

Mwishowe nilikwenda Mantapala. Nilimkuta papa mukwe akipalilia mihogo, nikapiga magoti pembeni ya shamba.

"Papa, dikoda iliungua. Moshi ule haukuwa kazi yangu. Lilikuwa kosa langu."

Aliendelea kupalilia kidogo. "Mama, mimi nilitia makaa miaka mingi. Ile ilinuka plastiki."

"Kumbe ulijua. Kwa nini ulisema vile?"

"Ni mimi nililetaka batu. Nilikuharakisha. Nikaona watakucheka." Akasimamisha jembe. "Sasa mimi, mutu wa kushuhudia kila Jumapili, sijasimama tena mbele ya kanisa. Nikitaka kuinuka, nasikia haya."

Sikuwa nimefikiri kwamba na yeye alikuwa amebeba mzigo.

Jumapili iliyofuata alisimama akawaambia ukweli, na mimi nikasimama nyuma yake. Wengine walicheka. Yule mama wa chisense hakucheka. Baada ya ibada alinipita bila kunisalimia, na mpaka leo salamu yake ni fupi.

Dikoda nyingine sikuipata. Niliunganisha mota na taa moja kwa moja kwenye betri, na treni inatembea. Moto wa makaa unawaka tu, mwekundu, hauchezi. Kila akija kwetu, papa mukwe huwaonyesha wageni bila kulalamika. Mimi hutafuta kazi ya kufanya jikoni mpaka amalize.