Nyasi Kwanza, Picha Baadaye

Mpiga picha wa harusi kutoka Voi huja kwa baiskeli, hata Werugha, ambako milima humfanya aikokote zaidi ya kuipanda. Mikono yake hunuka dawa ya kusafishia picha, dawa ambayo hamwagi mtaroni, bali huikusanya kwenye mtungi na kuufunga kana kwamba ni asali. Sauti yake haipandi. "Tuokote kwanza," husema, na hainui kamera mpaka nyasi ziwe safi.

Siku ya harusi ya Jedidah, uwanja wa kanisa ulijaa vikaratasi vya kung'aa walivyorushiwa maharusi. Jedidah alitaka picha moja tu, yeye na nyanya yake, aliyekataa kupigwa picha maisha yake yote na kukubali asubuhi hiyo. Ukungu ulikuwa tayari umeufikia uzio.

"Piga sasa, kaka! Nyanya atabadilisha nia."

"Tuokote kwanza."

"Mimi siinami," nyanya akasema. "Viatu hivi ni vya kuazima."

Jedidah akamshika mkono asiondoke. Wageni wakainama kuokota, bwana harusi pia, na suti yake. Mpiga picha akautazama ukungu, akamtazama nyanya, akazitazama nyasi zilizokuwa bado zinameremeta. Kisha akainua kamera.

Katika picha ile Jedidah anacheka, nyanya amekaza uso, na nyuma yao ukoo mzima umeinama, makalio juu.

"Na hawa?" Jedidah aliuliza alipoletewa.

"Hao wako kazini," mpiga picha akajibu.