Vikaratasi Chini ya Picha za Ng'ombe

Wengi waliohusika wamekwisha kufa, na ng'ombe wenyewe wamekwisha kuliwa zamani, kwa hiyo acha leo niseme: yale majina niliyoyaandika chini ya picha katika ukumbi wa Mbulu, enzi za Mwingereza, yalikuwa ya kweli. Yote. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeapa mbele ya padri, mbele ya mume wangu na mbele ya kila aliyetaka kunicheka kwamba niliyabuni kichwani. Nimeitwa mwongo nikaitika. Sikuwa mwongo. Nilikuwa mjinga, na hilo ni gumu zaidi kulikiri ukiwa umesoma.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, ng'ambo ya ziwa, nikiwa na viatu vya visigino (kimoja kilibaki kwenye matope siku ya kwanza tu) na imani kwamba sisi watu wa Mbulu tulichokosa ni sanaa. Boma wakanipa kazi ya ustawi wa jamii na ukumbi wa bati karibu na soko. Nikatangaza: kila Jumamosi mchana, bure kabisa, mtu yeyote aje achore, aimbe, asikilize mhadhara. Mhadhara wangu wa kwanza ulihudhuriwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa amekimbia mvua. Sikukata tamaa. Nilikwenda kijiji cha Daudi kwa miguu, nikapanda lori la mahindi hadi Dongobesh, nikasimama kila penye watu zaidi ya wawili nikawaambia, njooni, hakuna kiingilio, na wao wakaniuliza kama hakuna kiingilio basi mnatafuta nini kwetu, nami nikasema hatutafuti kitu, na wakaondoka wakitikisa vichwa. Lakini mwezi wa tatu walianza kuja.

Karatasi alitupa Mzee Salimu mwenye duka, zile za kaki za kufungia sukari. "Wachore wanachotaka, mwalimu," alisema, "ila wasinichore mimi na mizani yangu."

Walichotaka kuchora ni ng'ombe. Niliwaambia chora mlima, wakachora ng'ombe. Niliwaambia chora maua.

"Maua ya nini?" aliuliza Mjomba Tluway.

Huyu alikuwa kaka yake mama yangu, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye aliuza dume lake zuri ili mimi niende shule wakati wajomba wengine walisema msichana atalisoma jembe. Alikuja kila Jumamosi na blanketi lake begani, akakaa chini, akamchora ng'ombe mmoja kwa mkaa, pole pole, kama anayempapasa. Nilikuwa nikipita nyuma yao nikiwauliza: huyu ni wa nani, na yuko wapi? Nao wakaniambia. Kwa nini wasiniambie? Nilikuwa mtoto wa nyumbani.

Hapa nieleze jambo moja kwa wale ambao hawakulelewa kwetu. Mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wawili wako kwake, watatu wako kwa rafiki kule Maretadu, mmoja ameshuka uwandani Hanang kwa mfugaji Mbarbaig anayemwamini. Rafiki anakunywa maziwa na kutumia mbolea, mwenyewe anabaki mwenyewe, na jambo hilo halisemwi, hata kwa mke wakati mwingine. Ni kinga dhidi ya ugonjwa na macho ya watu. Na miaka ile ilikuwa kinga dhidi ya kitu cha tatu: serikali ilikuwa imeamua kwamba ng'ombe wetu wamezidi ardhi yetu, kila zizi lihesabiwe, na wanaozidi wapelekwe mnadani wakauzwe.

Haya yote niliyajua. Nayarudia ili mtu asidhani sikuyajua. Niliyajua kama mtu anavyojua kwamba moto unaunguza, akashika sufuria kwa mkono kwa sababu mawazo yake yako kwingine. Mawazo yangu yalikuwa kwenye maonyesho. Nilitaka maonyesho ya kweli, kama yale ya chuoni, na chuoni kila picha ukutani ilikuwa na kikaratasi chini yake. Basi nikakaa Ijumaa nzima nikaandika vikaratasi kwa mwandiko wangu bora: "Ng'ombe wa Tluway, yuko kwa Gwandu, Maretadu." Nikavibandika kwa uji wa unga wa ngano. Nilivitazama nikajisikia mtu mkubwa.

Na mgeni rasmi? Nilimwalika Bwana Mifugo, Mwingereza aliyehusika na hesabu ya ng'ombe. (Ni picha za ng'ombe, nilijiambia, nani mwingine angezifurahia zaidi?)

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wazee walikaa mbele, kina mama nyuma, Bwana Mifugo kwenye kiti cha pekee chenye mgongo. Nikatoa mhadhara kuhusu sanaa na maisha, mrefu, Mungu anisamehe, na mwishoni nikainua mkono kuelekea ukutani nikasema kwa sauti ya kanisani: "Na tazameni, kila picha ina jina la mwenye ng'ombe, na mahali ng'ombe alipo!"

Wengi wa wale wazee hawakujua kusoma. Mpaka dakika ile walidhani vile vikaratasi ni urembo.

Bwana Mifugo aliinuka. Akatoa kijitabu mfukoni na penseli, akaanza picha ya kwanza mlangoni, akanakili kila kitu, jina, mahali, rangi. Nami, rafiki zangu, nikamfuata. Nilifikiri anapenda picha. Nilimsaidia kusoma mwandiko wangu palipokuwa na uji. Alipofika kwenye picha ya Mjomba akasimama.

"Huyu Tluway si ndiye aliyeniambia ana ng'ombe wanne tu?"

"Hapana, bwana," nikajibu kwa furaha ya mwanafunzi anayejua jibu, "wanne ni wa nyumbani. Wengine wako Maretadu."

Nikageuka nikamwona Mjomba ananitazama, na hakuwa na hasira, alikuwa ananitazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni asiyemjua. Ndipo nikaelewa.

Bibi mmoja kutoka Daudi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Alikwenda kwenye picha yake, akabandua kikaratasi, akakitia mdomoni, akakitafuna taratibu huku akimtazama Bwana Mifugo, akameza. Baada ya hapo kila mtu alisimama. Vikaratasi vilichanwa, picha zikaviringishwa chini ya mablanketi, mabenchi yakaanguka. Lakini kijitabu kilikuwa kimekwisha kujaa. Bwana Mifugo alitangaza palepale kwamba anakwenda Arusha kupata kibali, na Ijumaa ng'ombe wote waliotajwa wafikishwe mnadani. Akanishika mkono. Alinishukuru!

Jumapili nilikwenda kwa Mjomba. "Shikamoo, mjomba," nikasema mlangoni. Hakuitikia. Nikasema tena. Mkewe akatoka akasema, "Anasikia."

"Mjomba, nitalitengeneza hili."

"Utalitengenezaje?" alisema hatimaye, bila kugeuka. "Utawafuta ng'ombe kama ulivyowaandika?"

Nilitembea hadi Maretadu kwa Gwandu, nikarudi, nikapita Daudi. Hakuna aliyenipa kigoda. Njiani nilikata shauri mambo mawili. La kwanza, kwamba maisha yangu yote sitaandika jina la mtu mahali popote kabla ya kujiuliza ni nani atakayelisoma, na hilo nimelishika hadi leo, hata barua za harusi huniandikia watu wengine. La pili, kwamba ng'ombe wale hawatauzwa, hata ikibidi mimi niwe kichekesho cha wilaya.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Boma kabla karani hajafungua ofisi. Simu ilikuwa moja, ya kuzungusha mkono, karibu na dirisha, na nje ya dirisha watu walikuwa wamejipanga kwa shida zao, Mjomba akiwa miongoni mwao na hati yake ya kuitwa kuhusu ng'ombe. Karani alizungusha, akangoja, akazungusha tena.

"Dada, piga kelele," aliniambia akinipa chombo. "Arusha hawasikii maneno ya kistaarabu."

"Bwana Mifugo!" nikapiga kelele. "Yale majina ni ya uongo!"

"Uongo gani?"

"Niliyabuni! Chuoni kila picha ilikuwa na jina, nikaona aibu picha zangu zikae tupu!"

"Yote?"

"Yote, bwana!"

"Ulisimama karibu nami ukasema wengine wako Maretadu."

Nyuma yangu niliona dirisha limejaa vichwa.

"Nilijigamba, bwana! Sijui hata Maretadu kuna nini! Fungua kijitabu, ukurasa wa pili, wa tatu kutoka juu. Umeandika rangi gani?"

Nikasikia karatasi zikigeuzwa, mbali, kama panya darini. Karani akataka kuninyang'anya chombo akidhani waya umekatika.

"Kijani," alisema Bwana Mifugo.

"Mkaa ulituishia, bwana, mama yule akatumia majani! Na anayemfuata ana miguu mitano, nenda ukamwombee kibali huyo pia!"

Mtu mwingine alicheka kule Arusha, mkubwa wake bila shaka, kicheko cha tumbo kilichokuja kwenye waya kikikatikakatika. Kisha nikasikia karatasi ikichanwa, mara moja, na mara ya pili.

"Binti," alisema Bwana Mifugo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefunga jambo, "Ijumaa hakuna mnada. Na wewe, nani alikupa cheti? Kuhusu ng'ombe hujui kitu."

Nikageukia dirisha, nikamtazama Mjomba machoni, nikapiga kelele ndani ya ile simu mpaka wa sokoni wakasikia:

"Sijui kitu, bwana! Sijui kitu kabisa!"