Mama Moshi na Chupa ya Tatu

Kabla mashine za umeme hazijaingia kiwandani, moshi wa tanuri la vioo ulipimwa na mwanamke mmoja mwembamba mwenye kisanduku cha mbao kilichojaa mirija. Wafanyakazi walimwita Mama Moshi, na jina hilo likamganda hata baada ya kustaafu. Hadi leo, akikutana na harufu ya amonia kwenye dawa za kusafishia, machozi humlengalenga.

"Mama, imekuwasha?" mkwewe humwuliza.

"Imenirudisha kazini, mwanangu."

Kazi yenyewe ilitaka mkono mtulivu. Alivuta moshi kutoka kwenye bomba la tanuri, akaupitisha katika chupa tatu, moja baada ya nyingine. Kila chupa ilinyonya aina moja ya hewa, na kiasi kilichopungua ndicho alichokisoma kwenye mrija. Aliyoilinda kama mboni ya jicho ni ile ya tatu. Humo mlikuwa na kloridi ya shaba, ile ya unga mweupe, iliyoyeyushwa katika amonia. Iliikamata kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayozuka moto unapokosa pumzi.

Mkemia mzee aliyemfundisha alimwonya siku ya kwanza tu. "Unga huu una madeko. Acha kopo wazi uone, unakugeukia kijani. Na maji yake yakionja hewa ya nje, yanakuwa bluu kama wino."

Akamwonyesha dawa yake: nyaya za shaba zilizosokotwa, zikatumbukizwa chupani, kizibo kikakazwa. Bluu ikaanza kufifia taratibu, mpaka maji yakawa angavu. Mama Moshi, wakati huo binti wa miaka ishirini na miwili, aliketi kuitazama asubuhi nzima, chai yake ikapoa mezani.

Mwaka wa tano wa kazi, msimu wa baridi, wachochea tanuri watatu walianza kulalamika kuwa vichwa vinawauma. Walipumzikia kwenye kijumba kilichojengwa ubavuni mwa tanuri, na dirisha lake walikuwa wameliziba kwa magunia. Mcheshi wao, aliyeitwa Kijiko kwa kupenda kula, siku hiyo hata chakula alikisukuma pembeni.

"Uvivu tu," msimamizi alifoka. "Mkitoka nje mnapona, mkirudi humo mnaumwa. Ugonjwa gani huo unaojua mlango?"

Mama Moshi alikuwa anapita na kisanduku chake. Maneno yale yalimchoma. Aliingia kijumbani, akavuta hewa ya mle ndani, akatoka kuipima. Chupa ya tatu ilipunguza kidogo sana, hata sehemu moja katika mia haikufika. Lakini alijua kidogo hicho kinatosha kuua. Akarudia. Jibu lilikuwa lile lile.

"Bosi, watoe watu mle."

"Wewe kazi yako tanuri, si vibanda."

Alirudi mbio kijumbani, akaufungua mlango kwa kishindo, akayang'oa magunia kwa mikono miwili. Wawili walitoka wakiyumba. Kijiko alikuwa amelala kwenye benchi, na alipoitwa hakugeuka. Wakambeba mzobemzobe hadi uani, akatapika, kisha akafumbua macho na kusema, "Mama Moshi, umeniharibia ndoto." Ndipo Mama Moshi naye akaketi chini hapo hapo.

Fundi mwashi alikuta ufa kwenye bomba la moshi, nyuma ya benchi. Kesho yake msimamizi aliingia maabara, akaweka mezani kopo jipya la ule unga mweupe. "Lisikuishie," akasema, akatoka.

Mama Moshi alifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Kisha ikaja mashine inayoandika tarakimu yenyewe, na kisanduku kikapelekwa stoo. Anaikubali mashine, haichoki na haikosei. Lakini hana la kusimulia kuihusu.

Mwaka jana bomba kubwa la moshi la kiwanda lilibomolewa. Kijiko alimpigia simu asubuhi ile, sauti imezeeka, kicheko kile kile. Walisimama pamoja kwenye uzio, wakakumbushana nani yuko wapi na nani alishatangulia, nani alikuwa akiimba zamu ya mchana. Matofali yalipoanguka, vumbi likapanda.

"Kumbe lilikuwa fupi hivi," alisema Kijiko.

"Sisi tulikuwa vijana," Mama Moshi akamjibu, akamshika mkono kuvuka barabara.