Ngamia Kumi na Mmoja wa Habibo

Ukame wa mwaka wa tisini na mbili ulimwachia Habibo wa Griftu kibuyu kitupu na kiburi kizima. Ngamia wake kumi na mmoja walikwisha wote. Basi akaanza kuwaokota upya porini: jiwe jeupe likawa nundu, vijiti vya mgunga vikawa miguu, mbegu kavu zikawa kengele. Aliwapanga nyuma ya nyumba, kila mmoja na jina lake na chapa ya ukoo ubavuni.

Sheikh Warsame alipita akaguna: hizo ni sanamu, na sanamu ni haramu. Habibo akang'oa vichwa vyote, maana kisicho na kichwa hakimsumbui sheikh. Ilimuuma, ila alishazoea kupoteza ngamia.

Mwaka uliofuata akaja afisa kutoka Nairobi kuandikisha walioishiwa na mifugo, ili kila nyumba ipewe ngamia jike mmoja. Habibo alimtaka ngamia huyo kuliko kitu chochote duniani. Hata kamba alikwisha kumsokotea.

"Mama, una ngamia wangapi?"

Lakini nani atamwambia mgeni kwamba hana ngamia? "Kumi na moja. Yote iko habo nyuma. Enda ona mwenyewe."

Afisa akaandika 11, akazunguka nyuma, akapigwa na butwaa. Kamera ikatoka. "Bila vichwa! Hiki ni kilio cha nchi nzima! Mama, hii ni sanaa!"

"Sana nini?" aliuliza Habibo.

Mgeni hakusikia; alikuwa amelala kifudifudi akipiga picha. Habibo alifurahi kwamba bwana mkubwa amejionea mwenyewe jinsi ngamia wake walivyokwisha. Afisa naye aliondoka na furaha yake, asikumbuke kuifuta ile 11.

Siku ya kugawa, Hared, karani wa chifu, alisoma orodha mpaka mwisho. Habibo hakutajwa.

"Eeddo, shangazi yangu, mimi najua ni mawe," Hared alimwambia kwa upole. "Lakini Nairobi imeandika kumi na moja."

Habibo alirudi na kamba yake mkononi, akalia bila kujificha. Kisha akaokota mawe na vijiti, akampanga wa kumi na mbili, jike, akamfunga mguu kwa kamba ile. Jirani yake Arbia akachungulia, akauliza huyu anaitwa nani.

"Sana."

"Sana nini?"

"Hata mimi sikuambiwa."